"Tumeelewa" na "Sijaelewa": Sarufi ya Mazoea ya Kila Siku katika Madarasa ya Mwanzo ya Shule ya Msingi



1.0 Utangulizi

Nilipopewa heshima ya kutoa mhadhara huu, wengi walitarajia nizungumzie fonolojia au historia ya usanifishaji wa Kiswahili, mambo ambayo nimeyafundisha kwa miaka mingi. Nimeamua kuzungumzia jambo linaloonekana dogo: maneno yanayosemwa kila siku, kwa namna ileile, katika darasa la kwanza na la pili. Nakusudia kuonesha kwamba maneno hayo yana sarufi yake, na kwamba sarufi hiyo humfungulia au humfungia mtoto njia ya kujifunza. Hoja yangu ni hii: mazoea ya darasani ni ya lazima kwa mtoto mdogo, lakini mengi ya mazoea yetu yanampa mtoto nafsi ya wingi tu. Yanamfundisha kusema "tumeelewa" kabla hajapata nafasi ya kusema "sijaelewa".

Naomba nianze na kumbukumbu moja, kwani ndiyo iliyonifikisha kwenye mada hii. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1967, katika shule ya kijijini Usukumani. Niliketi dawati moja na mtoto mwenzangu ambaye sauti yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zetu zote. Mwalimu alipouliza, yeye alikuwa wa kwanza kuitikia. Tulipofika darasa la tatu, siku moja mwalimu alimsimamisha asome peke yake ukurasa mpya. Mwenzangu alisoma vizuri, kwa kiimbo cha kupendeza, bila kukwama. Alichokisoma kilikuwa ukurasa wa wiki iliyopita. Darasa lilicheka, mwalimu alikasirika, na fimbo ikatumika. Baada ya siku chache mwenzangu hakuonekana tena shuleni.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa najua. Kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa nikimnong'oneza maneno, tena mara nyingi nikimweleza maana kwa Kisukuma. Kwa muda wote huo hakuna mtu mzima aliyegundua kwamba mtoto yule hajui kusoma. Hakukuwa na hila yoyote. Utaratibu wa darasa letu haukuwa na mahali ambapo jambo hilo lingeweza kujulikana.

2.0 Mtoto anahitaji mazoea

Kabla ya kukosoa mazoea, ni haki kuyatetea. Mtoto wa miaka sita au saba anayeingia shuleni anakutana na mambo mengi mapya kwa mara moja: watu wasio ndugu zake, kengele, madawati, amri, na lugha ambayo kwa wengi si ile ya jikoni kwao. Ratiba inayojirudia humpunguzia mzigo huo. Akishajua kwamba baada ya kengele kuna mstari, baada ya mstari kuna ukaguzi wa kucha na nywele, na baada ya ukaguzi kuna kuingia darasani, akili yake huwa huru kushughulikia jambo jipya la siku hiyo.

Katika taaluma ya upataji lugha, Jerome Bruner (1983) alionesha jambo lililo karibu na hili. Alichunguza michezo midogo inayojirudia baina ya mama na mtoto mchanga, kama ule wa kujificha uso na kujitokeza. Aligundua kwamba marudio hayo ni ngazi ambayo mtoto huipanda kuifikia lugha. Mwanzoni mama hufanya kila kitu. Baadaye mtoto hushika sehemu ndogo, na mwishowe mtoto ndiye anayejificha na mama ndiye anayetafuta. Zoea humfunza mtoto lugha kwa sababu nafasi za washiriki hubadilishana. Kama mama angejificha yeye tu kwa miaka miwili, mtoto angejifunza kucheka kwa wakati unaotakiwa, basi.

Kigezo hiki cha kubadilishana nafasi ndicho nitakachokitumia katika kuyapima mazoea ya darasa letu. Kila zoea tuliulize swali moja: je, ipo siku ambayo mtoto atashika nafasi ya yule anayeanza?

3.0 Nafsi zinazosikika darasani

Hebu tuifuate asubuhi moja ya darasa la kwanza, kama msemaji yeyote wa Kiswahili aliyesoma Tanzania anavyoikumbuka. Mwalimu anaingia. Watoto wanasimama na kusema kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu." Mwalimu anajibu, "Marahaba, hamjambo?" Wanaitikia, "Hatujambo." Anasema, "Kaeni," nao wanashukuru kwa sauti moja. Salamu ya shikamoo, ambayo aghalabu huelezwa kuwa ina asili ya usemi wenye maana ya kushika miguu, ilikuwa na nafsi ya kwanza umoja ndani yake. Leo nafsi hiyo haisikiki tena, na darasani salamu nzima imekuwa mali ya kundi.

Kisha huja kuita mahudhurio. Hapa, kwa mara ya kwanza katika asubuhi hiyo, mtoto anaitwa kwa jina lake na kujibu kwa kiambishi ni-: "Nipo." Baada ya hapo somo linaanza na ni- inatoweka. Mwalimu anasema, "Huyu ni mbu…," sauti ikipanda na kusita, na darasa linamalizia, "zi!" Mwalimu anasema, "Tano kuongeza mbili ni sa…," darasa linamalizia, "ba!" Kwa mujibu wa uchambuzi wa Sinclair na Coulthard (1975), mazungumzo ya darasani hufuata hatua tatu: mwalimu huanzisha, mwanafunzi hujibu, mwalimu hutathmini. Katika madarasa yetu hatua ya pili mara nyingi hupungua ikawa silabi moja. Nafsi, njeo na muundo wa sentensi vyote vimebaki kwa mwalimu.

Nafsi ya kwanza umoja hurudi pale mtoto anapobanwa: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Kwa hiyo, katika asubuhi ya namna hii, mtoto anaweza kusema "mimi" mara mbili tu: anapohesabiwa na anapoomba kutoka. Kati ya hizo mbili, yaani katika somo lenyewe, yeye ni sehemu ya "sisi".

Sisemi haya kwa kumlaumu mwalimu. Uitikiaji wa pamoja una sababu zake, tena nzito. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na lengo likawekwa kufikiwa mwaka 1977. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, uliotekelezwa kuanzia mwaka 2002, uliambatana na kufutwa kwa ada. Mwaka 2016 ulikuja utaratibu wa elimumsingi bila ada. Kila hatua ilikuwa ya haki, na kila hatua ilijaza madarasa ya mwanzo kuliko yalivyoweza kubeba. Mwalimu mwenye watoto tisini na vitabu vichache hana chombo rahisi cha kuwashika wote kwa pamoja kuliko sauti. Aidha, sauti ya pamoja humsitiri mtoto mwenye aibu na humzoeza kutamka. Ni chombo kizuri, ila hakipimi alichokijua mtoto mmoja mmoja. Anayesikiliza kwa makini ataisikia sauti ya pili inayofuata ile ya kwanza kwa kitambo kidogo mno. Hiyo ni sauti ya watoto wanaoitikia baada ya kusikia wenzao. Mwenzangu wa dawati moja alikuwa hodari kiasi kwamba kitambo hicho hakikusikika.

4.0 Silabi: neema na mtego

Kiswahili kina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia na irabu. Maandishi yake yanakaribiana sana na matamshi. Kwa hiyo mbinu ya kusomesha kwa silabi, ba be bi bo bu, inaafiki umbo la lugha yenyewe. Hii ni neema ambayo mtoto anayejifunza kusoma Kiingereza au Kifaransa hana. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulioanza kutumika mwaka 2015, uliipa kazi hii uzito uliostahili.

Hata hivyo, neema hiyo ina mtego. Mfuatano wa silabi ukikaririwa kwa mpangilio uleule kila siku, mtoto huweza kuushika kama wimbo. Mwoneshe bo peke yake, atarudi mwanzo: ba, be, bi, bo. Macho yake yako ubaoni, lakini jibu linatoka katika wimbo. Dawa yake haihitaji fedha wala semina. Fimbo ya mwalimu iruke kutoka bu hadi be, kisha hadi bo, na mtoto mmoja apewe fimbo hiyo awaulize wenzake. Hapo zoea limebaki zoea, ila nafasi zimebadilishana.

Napenda kutoa mfano mwingine, kwani unaonesha kiasi gani cha elimu ya lugha mtoto huja nacho. Chukueni maneno mbuzi na mbuyu. Yote mawili huanza kwa herufi m-b-u. Mwambie mtoto ayapigie makofi kwa silabi. Mbuzi ni makofi mawili: mbu-zi. Mbuyu ni makofi matatu: m-bu-yu. Mkazo hautusaidii kuyatofautisha, kwani katika yote mawili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tofauti imo katika ngeli. Mbuyu ni wa ngeli ya M-/MI-, wingi wake ni mibuyu, na m- yake ni silabi inayojitegemea. Katika mbuzi, nazali na konsonanti inayofuata ni kitu kimoja, na wingi haubadiliki.

Mtoto aliyekulia katika Kiswahili hajui neno ngeli, lakini anajua mibuyu, na mikono yake inajua makofi ni mangapi. Mwalimu akiuliza, "Kwa nini hapa makofi mawili na kule matatu?", watoto watabishana, na ubishi huo ndio somo. Lakini mwalimu akisema "mbu…" na darasa likimalizia "zi!", elimu hiyo yote inapita bila kuguswa, kwa sababu mtoto amepewa sehemu ya mwisho ya neno, na swali lenyewe lilikuwa mwanzoni.

Tahadhari kama hiyo inahitajika katika upimaji. Neno moja la Kiswahili kama hawakutuambia lina silabi saba, na limebeba ukanushi, mtenda, njeo, mtendwa na tendo. Lugha nyingine zingetumia maneno manne au zaidi kuyasema hayo. Kuhesabu maneno anayosoma mtoto kwa dakika, na kisha kulinganisha hesabu hiyo na ya lugha nyingine, ni kulinganisha vitu visivyo sawa. Isitoshe, upimaji wa kasi bila kuuliza maana unaweza kuwa aina nyingine ya kiitikio.

5.0 Sarufi ya "Tumeelewa"

Sasa tufike kwenye kiini cha mhadhara. Mwalimu anapomaliza kueleza, huuliza, "Tumeelewa?" Darasa linajibu, "Tumeelewa!" Akitaka kuhakikisha, huuliza kinyume, "Hatujaelewa?" na darasa linajibu vilevile, "Tumeelewa!" Tuutazame muundo wake: tu-me-elewa.

Kiambishi tu- ni cha nafsi ya kwanza wingi. Lakini kuelewa si kama kuimba au kubeba gogo, mambo ambayo watu huweza kuyafanya kwa pamoja. Kuelewa hutokea katika kichwa kimoja kimoja. Anayejibu kwa tu- anatoa ushahidi juu ya vichwa vya watoto tisini, wala hana njia ya kuvichungulia. Kiambishi -me- ni cha hali timilifu: jambo limekamilika na matokeo yake yapo. Kwa maneno mengine, swali lenyewe limekwisha kuweka jibu. Linauliza kwa wingi na kwa ukamilifu, nalo linajibiwa kwa wingi na kwa ukamilifu. Mtoto mmoja anayetaka kukana analazimika kubadilisha nafsi na hali kwa pamoja, peke yake, mbele ya wenzake wote. Huo ni ujasiri ambao sisi wenyewe, katika mikutano yetu ya idara, hatuuoneshi mara nyingi.

J. Keith Chick (1996), akichunguza somo la hisabati katika shule ya watoto weusi huko KwaZulu, Afrika Kusini, alilipa jambo kama hili jina linaloweza kufasiriwa kuwa mazungumzo ya usalama. Mwalimu na wanafunzi hushirikiana, bila kupatana kwa maneno, kudumisha sura ya kwamba somo linaendelea, ili pasiwe na anayeaibika. Huko chanzo kimojawapo kilikuwa wazi: somo liliendeshwa kwa Kiingereza, lugha ambayo watoto hawakuimudu, ndani ya mfumo wa elimu wa ubaguzi wa rangi.

Hapa napaswa kusema jambo ambalo halinifurahishi. Mimi ni mmoja wa wale ambao kwa miaka mingi wametetea Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia hadi juu. Wenzetu, kama Rubagumya (1990) na Roy-Campbell na Qorro (1997), walieleza kwa kina jinsi Kiingereza kinavyowanyamazisha wanafunzi wa sekondari wa Tanzania, na hoja yao bado ina nguvu. Lakini katika shule za msingi za umma, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka 1967, na bado tunasikia "tumeelewa". Kwa hiyo lugha inayoeleweka ni sharti la lazima, ila halitoshi. Tunaweza kumpa mtoto lugha yake na bado tukamnyima nafsi yake ndani ya lugha hiyo. Sisi watetezi wa Kiswahili tumelisema sana la kwanza, na la pili tumelinyamazia.

6.0 Neema ya "Sijaelewa"

Kiswahili kina namna kadhaa za kukana kuelewa. Mtu anaweza kusema sielewi, naye anaeleza hali aliyo nayo. Anaweza kusema sikuelewa, na hapo anazungumzia wakati uliopita na kufungwa. Lakini anaweza pia kusema sijaelewa. Kiambishi -ja-, kinachosimama mahali pa -me- katika ukanushi, kina maana ya kwamba hadi sasa jambo halijatokea, na aghalabu hubeba matarajio kwamba huenda litatokea. Ndiyo maana huandamana vizuri na neno bado: bado sijaelewa. Mgeni aliyekaribishwa chakula akisema "sijala", anaacha mlango wazi, na anayesema "sili" ameufunga.

Tazameni basi hazina tuliyo nayo. Lugha yetu inampa mtoto wa miaka saba umbo la kusema, kwa neno moja, kwamba hajui, kwamba kutojua huko ni kwake yeye, na kwamba kuna wakati ujao ambamo atajua. Walimu wengi wa lugha nyingine wanahitaji sentensi nzima kulisema hilo. Sisi tunalo katika mofimu. Lakini ni mara ngapi umbo hilo linasikika katika darasa la kwanza likitoka katika kinywa cha mtoto? Katika mazoea niliyoyaeleza hapo juu, -ja- husikika katika kinywa cha mwalimu, ndani ya swali la mtego lisilotaka jibu la kweli.

7.0 Lugha ya nyumbani na mnong'ono

Nimesema kwamba nilimnong'oneza mwenzangu kwa Kisukuma. Kisukuma kina irabu saba, na Kiswahili kina tano. Lugha nyingine za Afrika Mashariki zenye irabu saba ni pamoja na Kinyamwezi, Kinyakyusa na Kikuyu. Mtoto wa lugha hizo anapokutana na a e i o u, anatakiwa kuzipanga irabu zake saba katika nafasi tano. Kazi hiyo anaifanya kimyakimya, na makosa yake mara nyingi huhesabiwa kuwa uzembe, ilhali ni ushahidi wa sikio linalotofautisha zaidi ya maandishi.

Nchini Kenya, sera imetambua kwa muda mrefu nafasi ya lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo, ijapokuwa utekelezaji wake hutofautiana toka shule hadi shule. Nchini Tanzania, lugha hizi hazijapewa nafasi rasmi darasani. Sikusudii kufungua mjadala wa sera leo. Nasema tu kwamba mnong'ono wa watoto wawili katika dawati moja, kwa lugha yoyote waijuayo, si utovu wa nidhamu siku zote. Katika darasa letu la mwaka 1967, mnong'ono ule ndio ulikuwa mahali pekee ambapo mwenzangu aliweza kusema, "Hili sijalielewa, ni nini?" Kosa langu, kama mtoto, lilikuwa kumpa jibu badala ya kumfunza njia. Kosa la darasa lilikuwa kutupa muda wa mnongʼono tulioiba tu.

8.0 Tunachoweza kujifunza nyumbani kwetu

Huenda ikadhaniwa kwamba uitikiaji wa pamoja ni mila yetu ya Kiafrika na kwamba anayeuhoji analeta mambo ya kigeni. Mila zetu, zikitazamwa kwa makini, zinasema jambo lenye uketo zaidi. Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni chuo cha Kurani cha pwani. Apitaye nje husikia kelele za watoto wengi wakisoma kwa pamoja na hudhani wanaimba kitu kimoja. Katika utaratibu wa zamani sivyo ilivyokuwa. Kila mtoto alikuwa mahali pake: huyu kwenye herufi za hijai, yule katikati ya Juzuu Amma, mwingine mbele zaidi. Kila mmoja alisoma kwa sauti somo lake mwenyewe, kisha alikwenda mbele ya mwalimu kusikilizwa peke yake, na hakupewa somo jipya mpaka la zamani limethibitika. Wakubwa waliwasaidia wadogo. Tunaweza kuhoji ukaririaji wa maandishi ambayo mtoto hajui maana yake, na fimbo ilikuwapo huko pia. Lakini mtoto kama mwenzangu asingeweza kujificha humo kwa miaka miwili, kwani alisikilizwa peke yake.

Wa pili ni kitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" na wote huitikia, "Tega!" Hiki ni kiitikio cha pamoja, kama cha darasani. Lakini baada ya "Tega!" sauti ya pamoja hunyamaza, na kila mtu hujaribu jibu lake, tena kukosea hakumwaibishi mtu kwa kuwa wengi hukosea. Wakishindwa wote, kuna njia ya heshima ya kukiri: mtegaji hudai mji, hupewa, kisha hutoa jibu. Ndipo mwingine, hata akiwa mtoto mdogo kuliko wote, hushika nafasi ya kutega. Kitendawili kina kila kitu ambacho Bruner alikitafuta: marudio, furaha, nafasi ya kila mmoja, na mabadilishano ya nafasi. Kimekwisha pia kutatua tatizo la kutojua, kwani kutojua ni sehemu halali ya mchezo. Katika kitendawili sauti ya wote ni mlango wa kupitia, na ndani yake kuna chumba cha mtu mmoja mmoja. Katika darasa letu tumesimama mlangoni.

9.0 Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, napendekeza mambo manne. Yote yanawezekana katika darasa kubwa, na yote ni mazoea, kwani zoea baya huondolewa kwa zoea jingine.

Kwanza, swali "Tumeelewa?" lipumzishwe. Mahali pake mwalimu aulize, "Ni wapi ambapo bado hujaelewa?", na watoto wafunzwe tangu wiki ya kwanza, kama wanavyofunzwa salamu, kusema, "Mwalimu, sijaelewa hapo." Jibu la mwalimu liwe moja daima: "Tuanzie hapo." Mtoto wa kwanza atakayesema hivyo akikaripiwa, hatutamsikia wa pili.

Pili, kati ya swali la mwalimu na sauti ya darasa, uwekwe ukimya mfupi ambamo kila mtoto anamwambia jirani yake jibu, kwa lugha yoyote. Mnong'ono uhalalishwe.

Tatu, kila siku mwalimu awasikilize watoto watano peke yao, kila mmoja akisoma maneno machache kwa mpangilio usiotarajiwa, wenzao wakiwa wanaandika. Darasa la watoto tisini litakuwa limesikilizwa lote kwa siku kumi na nane za shule. Daftari la mahudhurio linaloandika "nipo" liwe na safu nyingine inayoandika "nimesoma".

Nne, kila somo limalizike kwa mtoto mmoja kushika nafasi ya mwalimu: kushika fimbo ya silabi, kutega swali, kupigia neno makofi. Wiki hii yeye, wiki ijayo mwingine, mpaka zamu iwazungukie wote.

Kwetu sisi wanaisimu liko pendekezo la tano. Tumeandika sana juu ya ngeli, uambishaji na lahaja, lakini rekodi zetu za Kiswahili kinavyosemwa na watoto ndani ya darasa ni chache mno. Nawasihi wanafunzi wa uzamili mliomo humu mwende na vinasa sauti katika darasa la kwanza, kwa idhini ya shule na ya wazazi, mkahesabu ni- na tu-, mkahesabu -me- na -ja-, mkatueleza ni nani anayezisema na lini. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mitaala mipya ambayo utekelezaji wake ulianza mwaka 2024, nayo inataka mtoto ajenge umahiri. Umahiri ni wa mtu mmoja mmoja. Hauwezi kupimwa kwa nafsi ya wingi.

10.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba mazoea ya darasa la mwanzo ni maandishi yanayosomeka kisarufi. Yana nafsi, yana hali na ukanushi, na ndani yake mtoto anafunzwa, kabla ya herufi ya kwanza, kama yeye ni mtu anayeweza kujua au ni sehemu ya mwangwi. Uitikiaji wa pamoja usifutwe, ila urudishiwe kazi yake ya zamani, ya kufungua mlango.

Mwenzangu yule sikuwahi kukutana naye tena. Sijui kama alikuja kujua kusoma katika madarasa ya kisomo cha watu wazima yaliyoenea nchini miaka ya 1970, ambayo yaliwafungulia macho wengi. Ninachojua ni kwamba alikuwa na kumbukumbu kuliko mimi, na sauti kuliko mimi, na kwamba hakuna aliyemuuliza swali ambalo jibu lake lilianza kwa ni-.

Mabibi na mabwana, kwa desturi mhadhiri akifika hapa huwauliza wasikilizaji wake kama wameelewa. Sitawauliza hivyo. Nawaomba, mmoja mmoja, mniambie ni wapi ambapo bado hamjaelewa, nasi tuanzie hapo.